Mgonjwa kanyanyua kichwa vizuri, mbona oksijeni ikashuka baada ya kutoa tyubu?

Swali limetoka kwa muuguzi wa usingizi kwenye hospitali ya wilaya, nalifupisha: "Shikamoo dokta. Juzi tulimfungua tumbo mama wa kilo 70, nilimlegeza misuli kwa atrakuriamu, mwishoni nikamrivesi, yaani kuipinga hiyo dawa, na neostigmini 2.5 mg na atropini ya kulinda moyo usishuke kasi. Alikuwa anapumua mwenyewe vizuri, nikamwambia anyanyue kichwa akanyanyua mpaka nikahesabu tano, nikatoa tyubu ya kupumulia. Kufika rikavari, chumba cha kuzindukia, oksijeni asilimia 86, anahema juu juu, macho kayatoa, kukohoa hawezi. Daktari akasema pethidini, dawa ya maumivu, imezidi, tukampa naloksoni ya kuipinga haikubadilisha kitu, tukambagi, yaani kumpulizia hewa kwa begi, mpaka akakaa sawa. Kabatini tuna kile kidude cha betri cha kushtua neva ila hakuna anayekigusa. Kingesaidia? Na kinatumikaje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kilichowakuta. Kumbagi ndo kulikomwokoa huyo mama, hapo mlifanya sawasawa.

Jibu la haraka ni ndiyo, kingesaidia, na ungekitumia ile tyubu usingeitoa dakika ile. Ulivyoeleza ni picha ya dawa ya kulegeza misuli ambayo haijaisha. Mgonjwa aliyezidiwa pethidini anapumua polepole, analala, mboni za macho zimekuwa ndogo, na hana wasiwasi wowote, ukimwamsha anavuta pumzi nzuri alafu anarudi kulala. Huyu wako alikuwa macho kabisa, anahangaika, anahema harakaharaka kwa pumzi fupi, kukohoa hawezi, na bila shaka mikono ilikuwa inarukaruka bila nguvu akijaribu kushika kitu. Naloksoni haiwezi kusaidia hapo, manake tatizo haliko kwenye ubongo, liko pale neva inapokutana na msuli.

Sasa kwa nini alinyanyua kichwa? Hapa ndo pa kuelewa vizuri, ukipaelewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Chukulia vipokezi vya kwenye msuli ni siti za daladala, asetilikolini, ile kemikali inayotoka kwenye neva kuuambia msuli ujikunje, ni abiria, na atrakuriamu ni watu waliopanda wakakalia siti bila safari yoyote. Mwili umeweka siti nyingi kuliko zinazohitajika, kwa hiyo hata siti 70 mpaka 75 kati ya 100 zikikaliwa na atrakuriamu, msuli ukiambiwa ujikunje mara moja unajikunja kama kawaida na wewe kwa nje huoni tofauti. Maana yake mgonjwa anayeonekana mzima anaweza kuwa na robo tatu ya vipokezi vyake vimezibwa bado! Na neostigmini haimshushi mtu yeyote kwenye siti, inachofanya ni kuzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini ili abiria wawe wengi zaidi, washindanie siti chache zinazoachiwa. Kimeng'enya chote kikishazuiwa, ukiongeza neostigmini nyingine haikupi abiria hata mmoja wa ziada. Ndo maana kumrivesi mgonjwa aliyelegea sana ni kupoteza dawa, lazima kwanza atrakuriamu yenyewe iwe imeshaanza kupungua.

Kingine, misuli haifanani. Kiwambo kinachovuta pumzi ni kigumu, kinahitaji dawa nyingi kulegea na kinarudi mapema. Misuli ya koo, ile inayoshikilia njia ya hewa ikae wazi na kumeza mate, ni dhaifu na inachelewa sana kurudi. Kwa hiyo mgonjwa akiwa na tyubu anapumua vizuri tu, kiwambo kimesharudi na tyubu yenyewe ndo imeshikilia njia wazi badala ya koo, wewe unaangalia begi linavyojaa na kunywea unaridhika. Ukitoa tyubu umeondoa kile kilichokuwa kinalificha koo lililolegea, koo linaanguka, mate yanashuka kwenye mapafu, oksijeni inaenda chini, na homa ya mapafu inaweza kufuata baadae. Kichwa nacho, wapo wanaoweza kukinyanyua kwa sekunde 5 wakati nguvu ya kweli imerudi nusu tu au zaidi kidogo ya nusu. Pumzi ya kawaida, kufumbua macho, kutoa ulimi, kukaza mkono, vyote hivyo vinakuambia mgonjwa yuko njiani, havikuambii amefika. Afadhali kidogo ni kumpa ang'ate kile kijiti cha kukandamizia ulimi alafu uvute, akikishikilia kisitoke ni dalili nzuri zaidi kuliko kichwa, ila inataka mgonjwa awe macho na anakuelewa, na akiwa na tyubu mdomoni hilo haliwezekani.

Hili sio jipya wala sio la hospitali zetu peke yake. Dawa za aina hii zimeingia thieta tarehe 23 Januari 1942, Montreal kule Kanada, pale Harold Griffith na Enid Johnson walipompa mgonjwa kurare kwenye operesheni ya kidole tumbo, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walipima kwa macho tu. Mwaka 1970 Ali, Utting na Gray wa Liverpool wakaleta ile njia ya kushtua neva mara nne tunayotumia mpaka leo. Mwaka 1979 Viby-Mogensen na wenzake wa Copenhagen wakaenda kupima wagonjwa 72 waliofikishwa rikavari, wote wamesharivesiwa na neostigmini, na asilimia 42 walikuwa hawajafika hata kile kiwango cha chini kilichokubalika enzi hizo. Hao ni wagonjwa waliotolewa thieta na wataalamu wenye uzoefu! Kwa hiyo usijione wewe ndo hujui kazi, macho ya binadamu hayawezi kuona hiki kitu, basi.

Tuje kwenye kidude chako. Kwanza kitoe kabatini uangalie betri, nyingi ni zile za volti 9 na zikikaa muda mrefu zinakufa au zinavuja zikaharibu sehemu ya kugusana. Stika zile zile za ECG, za kupimia moyo, zinatosha. Kiganja kikiwa kimeangalia juu, pangusa ngozi na spiriti ikauke, bandika stika moja karibu na mkunjo wa kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho, ya pili ipandishe sentimita 3 hivi kwenda kwenye kiwiko, zisigusane. Waya mweusi, ule hasi, uwe ule wa karibu na kiganja. Hapo unaishtua neva ya alna, na unachokitafuta ni KIDOLE GUMBA kuvutwa kuelekea kiganjani. Usidanganywe na vidole vingine kuchezacheza maana umeme unaweza kuigusa misuli moja kwa moja bila kupita kwenye neva, na hiyo haikuambii lolote kuhusu dawa. Usishushe stika mpaka kiganjani kwa sababu hiyo hiyo.

Mgonjwa akishalala na kabla hujampa dawa ya kulegeza, shtua mara moja moja ukipandisha umeme taratibu mpaka gumba lisipoongezeka nguvu tena, ongeza kidogo juu ya hapo, kwa wengi inaangukia kati ya 40 na 60 mA (miliampia). Wengi wanaruka hii hatua alafu baadae hawajui kama gumba halichezi kwa sababu ya dawa au kwa sababu stika imebandikwa vibaya. Nakuomba usiiruke. Na usimshtue mtu aliye macho kwa umeme wa kiasi hicho, inauma, kile kibonye cha 50 Hz, cha mshtuo wa mfululizo, ndo kabisa usikiguse kama hajalala. Ukitaka kuangalia rikavari tumia umeme mdogo, 20 mpaka 30 mA, na umweleze kwanza.

Kibonye chako kikubwa ni kile kilichoandikwa TOF (train-of-four), ndo ile njia ya kushtua mara nne, kinapiga mara nne kwa sekunde 2. Shika gumba la mgonjwa kwa vidole vyako, livute kidogo nje, bonyeza, uhesabu. Dawa ikiwa imekolea hupati kitu. Ikianza kuisha unapata mpigo mmoja, baadae miwili, mitatu, minne, ila ule wa nne unakuwa dhaifu kuliko wa kwanza, tunasema unafifia. Nguvu ya mpigo wa nne ukiigawa kwa ya mpigo wa kwanza unapata uwiano, na uwiano huo leo inatakiwa ufike 0.9 au zaidi pale kwenye gumba kabla ya kutoa tyubu. Zamani 0.7 iliruhusiwa, ikaja kuonekana kwamba kwenye 0.7 koo bado halimezi vizuri na mwili hauitikii upungufu wa oksijeni kama unavyotakiwa, ndo wakapandisha. Kati ya kupima na kupima acha angalau sekunde 15.

Sasa kuna mtego, na huu nataka uukumbuke kuliko kitu kingine chochote nilichoandika hapa. Kidole chako wewe hakiwezi kuhisi kufifia uwiano ukishavuka kama 0.4. Yaani mgonjwa wa 0.45 na mgonjwa wa 0.95 ukiwashika wote utasema mipigo minne iko sawa, na mmoja wao ni yule mama wako. Vifaa vinavyotoa namba, vya kupima mwendo wa gumba au umeme wa msuli wenyewe, ndivyo pekee vinavyokuambia umefika 0.9, na miongozo ya Marekani na ya Ulaya iliyotoka 2023 inavisisitiza hivyo. Kidude chako hakitoi namba. Sio kwamba hakina faida, kina faida kubwa, ila faida yake ni kukuambia lini urivesi na dozi gani, hakikupi ruhusa ya kutoa tyubu.

Kwa hiyo wewe mwenye hicho kidude na neostigmini tu, fanya hivi. Kama mipigo ni mitatu kushuka chini, usirivesi, mwache alale, gesi iendelee, ventileta iendelee, subiri. Najua daktari wa upasuaji ameshavua glavu na kesi inayofuata iko mlangoni, subiri hivyo hivyo. Ikiwa minne na unahisi wa mwisho umefifia, subiri kidogo ufifiaji uishe ndo bora zaidi, kama lazima uanze basi neostigmini 0.05 mg kwa kilo na atropini yake 0.02 mg kwa kilo, na ujue itakuchukua muda mrefu, robo saa au zaidi na wengine hawafiki 0.9. Ikiwa minne na huhisi kufifia, 0.03 mg kwa kilo inatosha. Jumla usivuke 5 mg. Baada ya kuchoma, angalia saa na ukae dakika 10 KAMILI kabla ya kugusa tyubu, hiyo pia iko kwenye mwongozo wa Marekani kwa wasio na kifaa cha namba, na sababu yake ni kwamba neostigmini inafika kileleni taratibu, sio dakika 2 kama tulivyozoea kuona watu wakifanya, wanachoma huku mkono mwingine unatoa hewa kwenye kafu, kile kipulizo cha tyubu. Huyo mama wa kilo 70 kwa 2.5 mg alipata kama 0.036 kwa kilo. Kama alikuwa na mipigo minne isiyofifia ingemtosha ukimpa na muda, kama alikuwa na miwili isingemtosha hata ungempa mara mbili yake. Hujui alikuwa wapi, na hiyo ndo shida yenyewe.

Kwa mazingira yetu kuna wagonjwa ambao kidude hiki kwao ni cha lazima kabisa kwa maoni yangu. Wa kwanza ni mama mwenye kifafa cha mimba aliyekuja kwa upasuaji akiwa kwenye magnesiamu. Magnesiamu inapunguza asetilikolini inayotoka kwenye neva na inaudhoofisha msuli pia, kwa hiyo dozi ya atrakuriamu uliyozoea itakaa muda ambao hukuutegemea. Mpunguzie dozi, na usiongeze nyingine bila kuona gumba lake limefika wapi. Skolini (suksametoniamu), dawa nyingine ya kulegeza, nayo ukimpa huenda usione ile mitetemeko ya misuli, usikae unaisubiri. Wa pili ni huyu wa tumbo lililooza anayepigwa jentamisini mezani, nayo inaongeza kulegea. Na wa tatu ni yeyote aliyepoa, na hapo kwetu wanakuwa wengi, kiyoyozi kinapuliza, dripu za baridi, tumbo wazi kwa masaa matatu. Atrakuriamu inavunjika yenyewe kwa joto na kemia ya damu bila kutegemea figo wala ini, uzuri wake ndo huo, lakini mgonjwa akipoa na kuvunjika kunapungua. Mkono wa baridi pia unaharibu vipimo vyako, ufunike. Kwa wenye pankuroniamu bado, dawa ya zamani ya kulegeza, hiyo inatoka kwa figo na inakaa muda mrefu, mgonjwa wa figo akipewa hiyo mpime mara mbilimbili.

Kingine kitakachokusaidia kila siku ni pale daktari wa upasuaji anaposema "mgonjwa anabana, ongeza dawa." Kabla hujaongeza bonyeza TOF. Mpigo mmoja au miwili inatosha kwa kazi nyingi za tumbo. Ukikuta hakuna mpigo hata mmoja na bado daktari analalamika, basi mgonjwa hajalala vya kutosha au ana maumivu, ongeza isoflureni, ile gesi ya usingizi, ongeza dawa ya maumivu. Ukimwongezea atrakuriamu hapo umemfunga mtu anayesikia. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotoka 2014 ulikuta walioripoti kuwa macho wakati wa operesheni ni kama 1 kati ya 8,000 pale dawa ya kulegeza ilipotumika, na 1 kati ya 136,000 pale isipotumika. Sio jambo la kuchukulia kirahisi, na baadhi ya waliosikia walikuwa mwishoni, usingizi umeisha na misuli bado.

Ndo maana kikitokea tena rikavari kama kile, pamoja na oksijeni, kuinua taya, kumbagi na kuita msaada, ongea naye. Mwambie mama dawa haijaisha, tunakusaidia kupumua, itaisha. Yuko macho, anakusikia kila neno na anadhani anakufa. Mpime gumba kwa umeme mdogo, kama kuna mipigo minne na neostigmini haijafika kikomo ongeza kilichobaki na uendelee kumsaidia, kama mipigo haijafika minne au oksijeni haipandi, mlaze tena kwa dawa ya usingizi na urudishe tyubu bila aibu. Kurudisha tyubu ni tiba.

Utasikia watu wanasema tungekuwa na sugamadeksi, dawa nyingine ya kurivesi, haya yote yasingekuwepo. Ni dawa nzuri kweli, Ulaya ilikubaliwa 2008 na Marekani 2015, inazifunga rokuroniamu na vekuroniamu, dawa nyingine za kulegeza, ndani ya damu na mgonjwa anarudi kwa dakika chache, lakini kwa atrakuriamu haifanyi chochote, na skolini pia haifanyi chochote, na bei yake unaijua. Hata wenye nayo bado wanatakiwa kupima maana dozi inategemea mipigo. Kuhusu skolini, kitu kimoja tu: kabla hujampa atrakuriamu baada ya skolini hakikisha gumba limerudi, wapo wachache wenye upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja, na ukiwahi kuchoma ya pili hutajua tena ni ipi inayomshika.

Ukiuliza mikono imefungiwa pembeni ufanyeje, weka stika nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu uangalie kidole gumba cha mguu. Usoni pia inawezekana wakati kazi inaendelea, ila msuli wa nyusi unarudi mapema kama kiwambo, utakuambia yuko tayari kabla hajawa tayari, kwa hiyo wakati wa kurivesi toa mkono mmoja nje urudi kwenye gumba.

Na kwenye ile fomu yako ya usingizi ongeza mstari mmoja, andika mipigo mingapi wakati unarivesi, saa uliyochoma na saa uliyotoa tyubu. Ukikusanya za miezi kadhaa, peleka kwa mganga mfawidhi pamoja na ombi la kifaa cha namba, waulize kwanza kama monita yenu ina nafasi ya moduli hiyo kabla hamjanunua kipya. Mkinunua cha kupima mwendo wa gumba, chukua kipimo cha mwanzo kabla ya dawa, maana vingi vinasoma 1.1 kwa mtu ambaye hajapewa kitu, na hapo 0.9 ya mwisho inakuwa sio 0.9 kamili.